Mnaouza nyuzi za kufumia bila lebo mnatutesa, na leo nasema yote

Wakuu habari za jioni. Naandika nikiwa na hasira na sitazificha, maana hii ni mara ya tatu mwaka huu na safari hii wameniharibia kitu cha mama yangu.

Mimi nipo Njombe mjini, nafuma. Sio biashara, nafuma kwa sababu napenda, tangu nipo darasa la sita bibi alinifundisha kwa spoku mbili za baiskeli zilizosuguliwa kwenye jiwe mpaka zikawa laini. Soksi, skafu, shali, kofia za watoto, vyote vinaenda kwa ndugu na majirani, sijawahi kumuuzia mtu. Na wanaojua baridi ya huku mwezi wa sita mpaka wa nane hawahitaji kuelezewa kwa nini.

Sasa mwezi wa pili nikaanza shali ya mama, yupo Makete, ana miaka 71, ibada ya alfajiri haikosi hata kukiwa na ukungu huoni mkono wako. Nikasema mwaka huu namfumia sufu ya kweli, manyoya ya kondoo, sio akriliki, ule uzi wa plastiki wa kiwandani, kwa sababu sufu hata ikilowa kidogo bado inakupa joto na akriliki haiifikii kwa hilo. Huku madukani sikupata, nikamwona muuzaji mmoja mtandaoni yupo Dar ameandika sufu asilia asilimia 100, donge la gramu 50 kwa 7,000. Nikachukua madonge sita ya maruni, 42,000, na 5,000 ya kifurushi cha basi. Yamefika hayana lebo hata moja, yamefungwa upya kwa mkono. Nikauliza, naambiwa "mpenzi lebo tunatoa ili yasichukue nafasi". Nikanyamaza, na hapo ndipo nilipokosea.

Kwa wasiofuma niwaeleze kidogo maana kuna watu watasema ni uzi tu. Shali ya pembetatu inaanzia shingoni na vitanzi vichache sana, kila mistari miwili unaongeza vitanzi vinne, kwa hiyo kila ukishuka mstari unakuwa mrefu zaidi. Shali yangu ilikuwa ya mistari 180, mwishoni mstari mmoja una vitanzi zaidi ya 360. Maana yake ukifika kama mstari wa 127 ambapo macho yanakwambia umebakiza kidogo, kumbe ndio kwanza umemaliza nusu ya uzi! Nusu nzima inaliwa na ile mistari ya mwisho. Ndio maana gramu zilizoandikwa kwenye lebo sio mapambo, sisi tunapiga hesabu nazo kabla hata ya kushika sindano.

Donge la tano nilipolianza nikaona kama rangi imepauka hivi, nikajiambia labda ni taa. Asubuhi nikatoka nalo nje juani, sio taa, ni rangi nyingine kabisa, mstari umejikata katikati ya shali kama kiraka. Kiwanda kinapopaka rangi kila mara moja inapewa namba yake ya loti na hiyo namba inakaa kwenye lebo, unanunua zote za namba moja ili zifanane. Ukitoa lebo umetoa namba, ukitoa namba unachanganya masalio ya leo na ya mwaka juzi unaniuzia mimi kama kitu kimoja.

Nikapata wasiwasi nikachukua mzani wa jikoni. Donge la tano, gramu 43. La sita, gramu 38. Sio 50. THELATHINI NA NANE. Uzi ukaniishia mstari wa 174, imebaki mistari sita na kufunga vitanzi, nimekaa kitandani saa tano usiku na sindano imejaa vitanzi mia tatu na kitu halafu mkononi nina kipande cha uzi hakifiki hata mita.

Nikampigia muuzaji. Anasema nitumie hela nikutumie donge jingine, rangi ileile. Nikatuma. Limekuja lina wekundu kama nyanya. Nikamtumia picha zote mbili pamoja, jibu lake ni "dada kwani mama ataona?" Mama yangu ataona, ndio, na hata asingeona mimi nimeona. Nilipomwambia habari ya gramu akaniblok.

Basi nikafumua mpaka mstari wa 168, jioni nzima, nikafunga vitanzi pale, ikawa shali fupi kuliko nilivyotaka. Nikasema ngoja nimalizie vizuri, nikaificha mikia ya uzi kwa ndani kwa sindano butu, nikailoweka maji ya vuguvugu, nikaikamua kwa taulo, nikaitandaza juu ya godoro na kuibana pini ukingo mzima. Sufu ukiifanyia hivyo ikikauka inabaki na umbo ulilolipa, nakshi inafunguka, hiyo ndiyo raha yote ya kumaliza shali. Siku mbili imekauka, natoa pini, ikajikunja yote ikarudi kama ilivyotoka kwenye sindano.

Hapo nikaelewa. Nikachukua kipande cha uzi nikakichoma kwa kiberiti juu ya sahani. Sufu ya kweli inanuka nywele zilizoungua, inajizima yenyewe na jivu lake unalisagia vidoleni. Huu umeyeyuka ukadondosha tone jeusi gumu kama shanga na harufu ya plastiki. Miezi minne nimefuma plastiki kwa bei ya sufu.

Na sio mara ya kwanza. Mwezi wa kwanza niliuziwa na mwingine "uzi wa soksi", soksi za baba, vitanzi 64 kwenye sindano nne, kisigino nimekirudia mara mbili kikae sawa, zikatoboka wiki ya tatu. Uzi wa soksi wa kweli unachanganywa na nailoni, nyingi ni sufu 75 na nailoni 25, ndiyo inashika kisigino. Bila lebo ningejulia wapi?

Na tafadhali asije mtu hapa na ile ya "si ununue skafu ya mtumba buku mbili". Najua mitumba ilipo. Nilitaka mama avae kitu kilichotoka mikononi mwangu.

Akriliki nayo siidharau, inafuliwa kirahisi na watoto wanavaa. Iuzeni, ila iitwe akriliki na bei ya akriliki. Kondoo wetu wengi ni wa nywele sio wa sufu, sufu tunategemea itoke nje, kwa hiyo yule anayeileta ndiye pekee tunayeweza kumwamini, na ndiye huyo anachana lebo.

Natafuta madonge saba ya sufu, lebo ikiwa juu, loti moja, rangi yoyote iliyokoza. Hata 15,000 kwa donge nitatoa, ila nalichoma kipande mbele yako kabla sijalipa. Mwenye nayo kuanzia Makambako, Iringa au Mbeya aje inboksi, nitaifuata mwenyewe kwa basi. Julai imeshaanza na mama hana shali.