Bima kubwa ya gari: wakala, broka au benki?

Kijana_wa_Segerea: Wakuu, nimevuta IST ya milioni 15, nataka bima kubwa, ile inayolipa hadi uharibifu wa gari langu mwenyewe. Asilimia 3.5 ya thamani ni 525,000, ongeza VAT 94,500, jumla 619,500. Nimeuliza kwa wakala aliye jirani na ofisi, kwa broka aliyenitajia shemeji, na kwa dada wa benki. Wote bei ileile! Sasa tofauti yao nini?

Mwanasesere: Tofauti utaiona siku ya ajali. Wakala anauza kwa niaba ya kampuni. Broka anakuwakilisha wewe: analinganisha masharti ya kampuni kadhaa, na ukigongwa anakufuatilia fidia. Wote wanalipwa kamisheni na kampuni, ndiyo maana bei haibadiliki.

BabaJunior: Ngoja niwape yangu. Gari lilikuwa la milioni 14, nikamwambia wakala aandike 8 ili nilipe kidogo. Akaandika huku anacheka, hakunionya neno. Nikapata ajali, matengenezo milioni 2.8. Kampuni ikasema nimekatia bima sehemu tu ya thamani, ikapiga hesabu ya 8 kwa 14, nikalipwa milioni 1.6. Nyingine nikatoa mfukoni. Kosa langu, sikatai, ila yeye alijua.

Mwanasesere: @BabaJunior pole mkuu. Broka wa maana angekukatalia palepale.

Stika_Mkononi: Mimi ni wakala, naomba kutetea kijiwe. Broka wengi wanawinda kampuni yenye malori 40, IST yako moja ataikumbuka wakati wa kuhuisha tu. Mimi mteja akigongwa saa mbili usiku nafika na simu yangu kupiga picha. Matapeli wapo, kweli. Muombe mtu leseni ya TIRA, yaani mamlaka inayosimamia bima Tanzania, lipia kwenye akaunti ya kampuni na si kwenye namba yake, kisha hakiki stika kwenye mfumo wa TIRA kabla hujaondoka.

Shangazi_Mbeya: Na benki ni wakala tu mwenye kiyoyozi. Kama gari ni la mkopo, sawa, mambo yanakuwa sehemu moja. Ila yule dada muulize ekses uone atakavyoanza kumtafuta meneja.

Stika_Mkononi: 😂😂

Kijana_wa_Segerea: Nimetoka kwa wakala wa jirani sasa hivi. Nimemuuliza hiyo ekses, yaani kiasi nitakachobeba mwenyewe nikipata ajali. Kanijibu "hiyo usijali bosi". @Stika_Mkononi, uko wapi mkuu? Nije na kadi ya gari.