MREJESHO: Mustang 1966 (injini V8 ya inchi za ujazo 289) inayowaka kisha kuzima ukiachia ufunguo

Imepona, wakuu. Kwa waliopitwa: injini ilikuwa inawaka stata ikizunguka, ukiachia ufunguo inazima papo hapo.

Karbureta haikuhusika. Ni ule waya wa waridi wenye ukinzani (unaopunguza volti), nyuma ya dashibodi, unaopeleka umeme kwenye koili (inayopandisha volti za kutoa cheche kwenye plagi), ulikatika ndani. Wakati wa kupiga stata, koili hulishwa moja kwa moja na solenoidi (swichi ya umeme ya stata), ndiyo maana inawaka. Kipimo: swichi ON, platini (kontakti za ndani ya distribyuta zinazokata na kuunga umeme wa koili) zimefunga, chanya ya koili ilisoma volti 0 badala ya 5 hadi 8. Platini zikiwa wazi usomaji ni volti 12 hata kwenye gari lisilo na hitilafu, usidanganyike.

Msiweke waya wa kawaida! Volti 12 mfululizo huunguza platini. Badala yake imefungwa rezista (kipunguza volti) ya omu 1.4, kwenye bati, mbali na nyaya nyingine, maana inachemka kwelikweli.

Platini mpya: nafasi inchi 0.017. Taimingi (muda wa cheche kutoka) baadaye, kwa sababu nafasi ikibadilika nayo inahama: digrii 6 kabla ya pistoni kufika kilele, mpira wa vakyumu wa distribyuta umechomolewa na kuzibwa.