Mama ana goti, hoteli ni nyumba ya kale ya Lamu: tubaki au nitafute kwingine?

Kifunguamimba_Nakuru:
Hamjambo wanajamvi. Desemba nampeleka mama Lamu siku nne. Ana miaka 69 na hajawahi kufika. Nimeshalipia vyumba viwili kwenye hoteli ndogo iliyo ndani ya nyumba ya mawe ya zamani, Sh2,500 chumba kwa usiku. Picha zilinimaliza: vidaka ukutani, dari ya boriti, mlango wa nakshi. Jana ndipo nikapiga simu kuuliza niliyopaswa kuuliza kabla ya kulipa. AC hakuna. Maji moto hakuna. Bafu la pamoja. Intaneti "inategemea siku". Vyumba vyetu viko orofa ya pili, na ngazi, kwa maneno ya kijana wa mapokezi, "zimesimama kidogo". Mama goti la kulia linamsumbua tangu mwaka jana. Dadangu ananiambia nisamehe hiyo pesa, nitafute hoteli ya kisasa. Roho inasita. Waliolala nyumba hizi, nisaidieni.

Tumbo_Mbele:
Historia haikaushi jasho. Tafuta AC.

BintLangoni:
Karibuni Amu, ndivyo tuitavyo Lamu. Usimsikilize huyo wa juu, nyumba zetu zilijengwa na watu waliolijua joto. Kuta ni nene, za mawe ya matumbawe na chokaa, kwa hiyo chumba cha chini mchana kina ubaridi wake. Mtashangaa vyumba ni vyembamba, virefu kama ushoroba. Si ubahili: dari inabebwa na boriti za mkoko, na boriti hizo haziwezi kuvuka upana mkubwa, mita tatu hivi basi. Usiku mambo hugeuka. Chini hewa husimama, juu kaskazi inapiga vizuri mwezi huo. Mtihani wenu ni huo, upepo uko juu na goti liko chini 😅

Maji moto msihangaike nayo, mchana ya tangi hutoka yamepata jua. Ulizeni kama ni ya bomba au ya kisima, maana visima vya mjini vina chumvi na sabuni haitoi povu. Na mkiona birika la zamani bafuni, yaani hodhi la maji, lenye visamaki, msipige kelele. Huwekwa ili wale viluwiluwi vya mbu.

Mzururaji254:
Nililala nyumba ya aina hiyo mwaka juzi, si hiyo yako labda. Soketi moja chumba kizima, nyuma ya kitanda. Bebeni tochi. Nguo msizitundike ukutani, chokaa inapukutika, shati langu jeusi lilitoka kama la mwokaji mikate. Sanduku la magurudumu acheni nyumbani: Mji wa Kale vichochoro ni vyembamba, gari haliingii, na kinyesi cha punda kipo. Mimi niliishia kumlipa hamali. Punda wenyewe hulia saa nane za usiku kana kwamba wamefiwa. Nilipenda hata hivyo. Paa la makuti na chai ya alfajiri, jahazi zikitoka… ningerudi kesho.

Nesi_wa_Kijiji:
Umeuliza ngazi, choo je? Bafu la pamoja kwenye nyumba ya kale huenda likawa na choo cha kuchuchumaa. Kwa goti bovu, ngazi mtu hupanda mara mbili kwa siku akishika ukuta, lakini chooni ataenda mara ngapi, tena usiku? Piga simu tena leo. Na Mokowe, gati la bara mnapopandia boti ya Lamu, mwangalie anaposhuka kuingia kwenye boti. Maji yakikupwa, boti iko chini sana ya gati. Mtangulie, umpokee mkono.

BintLangoni:
Nesi kasema. Mie hata sikuwaza, tumezoea.

Kifunguamimba_Nakuru:
Nimepiga. Nesi, Mungu akubariki: choo cha juu ni cha kuchuchumaa, cha chini ni cha kukaa. Wamekubali mama alale chini, chumba kinachofungukia kiwanda, yaani ua wa ndani, na feni na chandarua vipo. Mimi nabaki juu na upepo wangu. Dadangu bado amenuna. Mama nimemweleza yote, ngazi, punda, maji ya chumvi, akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama wale samaki wa bafuni wanaliwa.

BintLangoni:
Mwambie hapana, hao ni wafanyakazi wa hoteli.