Mafundi, acheni kutuzibia kisiki cha ukuta kwa simiti!

Wakuu, leo nimechoka. Kutoka Kisauni hadi Changamwe watu wanabomoa ukuta wa kati wapate sebule pana, masika yakipita sakafu inachora mstari wa maji katikati ya chumba, upana wa inchi 6, umenyooka kama uliopigwa kamba. Groti inageuka nyeusi, kisha inatoa unga mweupe wa chumvi. Taili zinaachia, ukizigonga kwa ncha ya mwiko zinalia tupu. Fundi akiulizwa: "Ni fukuto la Mombasa, bosi." Fukuto gani linatembea kwa mstari?

Mstari huo ni ukuta wenyewe. Umevunjwa juu, chini ungalipo. Kwenye nyumba nyingi za zamani msingi ulipanda moja kwa moja ukawa ukuta, zege la sakafu likamwagwa chumba kwa chumba, nailoni ya kuzuia unyevu iliyo chini ya zege ikakunjwa ubavuni mwa mawe. Ukiukata ukuta usawa wa sakafu unabakisha kisiki cha jiwe la matumbawe, chini kimegusa udongo, juu kimegusa taili. Jiwe hilo lina vitundu kama sifongo, linavuta maji na chumvi yake. Ile DPC (utando wa kuzuia unyevu) iliyolazwa ukutani fundi ameing'oa pamoja na mawe na imekwenda na kifusi. Anapaka inchi moja ya simiti yenye unga wa kuzuia maji, anachukua pesa, huyo! Simiti ikikauka inasinyaa na kuacha ufa wa unywele pande zote mbili. Maji hayataki mlango mkubwa kuliko huo.

Kabla ya kazi, toboa chini ya ukuta penye kizingiti cha mlango. Ukikuta zege linapita chini ya jiwe, ukuta umekaa juu ya slabu: bomoa, sawazisha, maliza. Ukikuta jiwe linazama ardhini, basi kazi ni hii.

Chora mistari miwili, kila mmoja inchi 6 kutoka ubavu wa kisiki. Kwa ukuta wa inchi 6 unapata mfereji wa sentimita 45. Kata zege kwa grainda, lakini usishuke zaidi ya sentimita 6. Zilizobaki zivunje kwa patasi na mkono mwepesi, maana nailoni ya zamani iko pale chini na ndiyo unayoitafuta. Hapa ndipo vibarua wanapoharibu: wanashusha mtaimbo, nailoni inachanika hadi ndani ya slabu, na kipande cha kuungia hakipo tena. Kisiki kishushe hadi sentimita 15 chini ya uso wa sakafu. Shindilia, weka mchanga sentimita 5 ili mawe yasitoboe. Tandaza nailoni ya geji 1000 (geji ni kipimo cha unene), ipande juu ya ile ya zamani sentimita 15 kila upande, uishike kwa tepu ya lami yenye gundi pande mbili. Futa vumbi kwanza kwa kitambaa kikavu. Tepu ya kufungia maboksi haifai, hata uizungushe mara kumi.

Zege ni 1:2:4, unene sentimita 10. Ukuta wa mita 4 unakula mfuko mmoja na robo wa simiti, debe 5 za mchanga, debe 10 za kokoto. Nunua mifuko miwili. Mchanga wa ufuoni usiuguse, na maji ya kisima cha chumvi usiyachanganyie: chumvi ikiwa ndani ya zege inavuta unyevu kutoka hewani, na sakafu itatoka jasho hata nailoni ikiwa safi kabisa. Mwagilia siku 7. Taili zisubiri wiki 6; kapeti la plastiki lisubiri miezi.

Ukitaka kujua maji yanatoka wapi, bandika kipande cha nailoni cha nusu mita juu ya sakafu, tepu pande zote nne, kwa saa 48. Umande ukiwa chini ya nailoni, unatoka kwenye sakafu. Ukiwa juu, hiyo ni hewa, na hapo fundi ana haki yake.

Chokaa_Kibokoni: Sheikh, umesema kweli kwa nyumba zenye nailoni. Lakini asije mtu wa Mji wa Kale akaiga. Sakafu zetu ni chokaa, nailoni haijawahi kuwepo. Mshipi wa sentimita 45 utazuia nini? Na ukiifunika sakafu nzima kwa nailoni na zege, maji yanahamia kwenye kuta na plasta inabanduka. Huku toa kisiki, jaza kokoto kubwa safi zisizo na vumbi, maji hayapandi penye nafasi. Juu yake chokaa 1 kwa mchanga 3, igongwe vizuri. Taili zinazong'aa muwaachie wenye hoteli. Halafu, huo ukuta mnaoubomoa, mmetazama dari? Boriti za mkoko ni fupi, ndiyo maana vyumba vya kale ni vyembamba, na vichwa vyake vimelala juu ya ukuta huo huo wa kati.

Mwenye uzi: Hapo kwenye boriti umenikumbusha, shukran. Ukuta huo usiguswe kabla mhandisi hajaangalia na nguzo za muda hazijasimamishwa. Kwa chokaa nakubali, nilikuwa nasema nyumba zenye sakafu ya zege tu.

Na nyie mnaoniuliza kama rangi ya lami yatosha juu ya kisiki: haitoshi. Maji yanaisukuma kutoka chini, inatoa malengelenge na taili inatoka nayo. Salio la fundi lisitoke kabla hujaona maungio ya nailoni kwa macho yako, mfereji ukiwa wazi, zege halijamwagwa. Akisema ameshafunika, afukue.