Huu mtandao wa TikTok mnaousifia, mbona usiku ni ombaomba tupu?

Wakuu, matusi ruksa, ila someni kwanza.

Mimi huko ni mgeni. Miaka yote mnaniita mshamba, nimekaa zangu WhatsApp na magazeti yangu, mkanisakama: "Mzee unapitwa, TikTok kuna elimu, kuna mapishi, kuna biashara." Haya, nimejiunga. Mchana sina neno. Mapishi nimeyaona, na kuna fundi pikipiki mmoja anafundisha vizuri kuliko walimu wengi ninaowajua. Shida yangu ni laivu za usiku. Unapandisha video mbili tatu, mara unadondokea kwa mtu mzima na akili zake anapiga kelele: "Gongeni skrini jamani, gongeni! Matajiri mko wapi? Waridi moja tu, waridi moja halitakufilisi!" Waridi lenyewe ni zawadi ya picha tu, mtazamaji anainunua kwa pesa na kumrushia mwenye laivu.

Haimbi. Hachekeshi. Hauzi hata karanga. Kakaa tu, taa ya duara inamulika uso, anataja majina ya wanaoingia na kuwaita mabosi. Na ile kero ya "nifuate nikufuate" nimekuja kuielewa baadaye: kwa kawaida mtu anatakiwa afikishe wafuasi 1,000 ndipo aruhusiwe kufungua laivu. Yaani ufuasi wenyewe unaombwa ili mtu apate pa kuombea.

Halafu kuna hizo mnazoita mechi. Skrini inagawanywa kati, huyu huku, yule kule, dakika tano, mstari mwekundu na wa bluu ikisukumana kwa nguvu ya zawadi za watazamaji. Kuna muda zawadi zinahesabiwa mara mbili au mara tatu, hapo ndipo spika za simu zinataka kupasuka. Anayeshindwa anapewa adhabu: ajimwagie maji, apige pushapu, ajipake unga. Nimemwona mama wa makamo, rika la dada yangu mkubwa, anajipaka masizi usoni kwa sababu watu wake hawakumtumia simba, ile zawadi kubwa. Mama wa watu! Na huku chini wanamwandikia vicheko.

Kwa mliochelewa kama mimi: waridi ni koini moja, simba ni koini 29,999. Koini zinanunuliwa kwa pesa halisi, na simba mmoja anazidi dola 300. Piga hesabu kwa shilingi mwenyewe, halafu ukumbuke kuna watu wanarusha huyo simba huku wanaomba bando kwa shemeji. Wanachopata ni jina kutajwa na beji kupanda ngazi. Ngazi ziko mpaka 50, zinapanda kwa kutoa tu.

Najua mtakuja na hoja ya kwamba kutunza ni utamaduni wetu. Sawa, na hapo ndipo hasira yangu inapoanzia. Kwenye taarabu mama anainuka na noti yake, anajimwaga taratibu mpaka jukwaani, anamtunza mwimbaji, noti inafika mkononi ikiwa nzima. Kwanza mwimbaji kaimba! Pili, mwenye ukumbi hasimami katikati akaichana vipande viwili. Huku zawadi yako inageuzwa kuwa almasi, yaani pointi ambazo mwenye laivu anazibadilisha kuwa pesa, na kampuni inabaki na karibu nusu. Hapo sijagusa wenye duka la programu, ambao nao wanakula chao ukinunulia koini ndani ya simu. Ndiyo maana ukinunua kupitia tovuti bei inashuka.

Mwaka 2022 BBC walifuatilia familia za wakimbizi wa ndani huko Syria waliokuwa kambini wakiomba laivu kwa saa nyingi. Wakatuma zawadi za dola 106 kwa majaribio. Kwenye akaunti zikaonekana 33. Wa duka la kutolea pesa akakata chake, dalali akakata chake, familia ikabaki na dola 19. TikTok wakajibu kwamba wanachokata ni pungufu sana ya asilimia 70, ila ni kiasi gani hasa wakagoma kusema.

Mwanzoni nilikuwa nawalaumu vijana wetu peke yao: wavivu, hawana haya. Bado wapo wasio na haya, siwatetei. Lakini yule anayehangaika kweli, anaandika vichekesho, anahariri usiku kucha, mbona naye anaishia kuomba waridi? Kumbe mpango wa TikTok wa kuwalipa watengeneza video kulingana na kutazamwa uko nchi chache tu: Marekani, Uingereza, Ujerumani, Ufaransa, Japani, Korea Kusini, Brazil na wenzao wachache. Sisi Tanzania hatumo. Kenya hawamo. Uganda hawamo. Video ya kijana wa London ikitazamwa sana, akiwa ametimiza masharti, analipwa. Ya kijana wa Mbagala ikitazamwa vilevile, anapata pongezi. Akitaka hela ya huko huko ndani, mlango mkuu uliobaki ni laivu, na mlangoni kuna mkataji.

Kenya mwaka 2023 lilipelekwa ombi bungeni mtandao huu ufungiwe kabisa, mpaka Rais Ruto akazungumza na mkuu wa TikTok, Shou Zi Chew, wakakubaliana kuchuja maudhui. Malalamiko yalikuwa ya maadili. Sipingi, uchafu upo. Ila mimi sitaki ufungiwe, nataka mbunge wetu mmoja, hata mmoja, asimame aulize kwa nini muda wetu na bando letu vinafaa kwao, halafu kwenye malipo tunakuwa hatuonekani.

Sasa nyie mnaorusha simba, jitokezeni mseme mnapata nini. Na nyie mnaofungua laivu, wekeni hapa makato yenu: zimetumwa ngapi, zimefika ngapi, zimetoka ngapi. Atakayekuja na "una wivu mzee" aambatanishe risiti.