Paa la asbesto Tanga: bima ya nyumba inalipa nini, inagoma wapi?

Chumbageni_Juu: Wakuu, salaam. Nyumba ya zamani, Chumbageni, paa lote ni bati za asbesto za migongo, kama mita za mraba 140. Benki inataka bima ya moto na majanga ndipo itoe mkopo. Rasimu aliyoleta dalali inasema kampuni haitalipa hasara, gharama wala dhima "inayotokana na asbesto kwa namna yoyote". Nyumba ikiungua ndiyo basi tena? Na nikitaka kuezua kwanza, naanzia wapi?

Mkadiria: Usisaini bado, mkuu. Tazama kipengele hicho kimekaa wapi. Kikiwa sehemu ya dhima kwa watu wengine, ni cha kawaida: jirani akidai vumbi la paa lako limemdhuru, utajibeba mwenyewe. Magonjwa ya asbesto hujitokeza miaka 20 hadi 40, hata zaidi, baada ya mtu kuvuta vumbi, na kampuni haiwezi kupanga bei ya deni la namna hiyo.

Kikiwa kwenye masharti ya jumla, kinatawala mkataba mzima, na hapo ndipo pabaya. Moto ukianzia jikoni, unaweza kulipwa kenchi na dari, ukanyimwa paa lenyewe na kazi ya kusafisha. Bati hizi zikishikwa na moto mkali hupasuka kwa kishindo na kurusha vipande mpaka uani kwa jirani, kwa hiyo kusafisha si gharama ya kubeza.

Omba nyongeza ya maandishi: kizuizi kisiguse asbesto iliyo sehemu ya jengo ikiharibiwa na janga lililokatiwa bima (moto, radi, dhoruba), na gharama ya kuondoa kifusi iwekewe kiwango chake. Ahadi ya dalali kwenye simu haina uzito. Kuchakaa, nyufa, kuvuja, au kubadili paa kwa sababu tu ni asbesto, hayo hayalipwi. Usipoteze nguvu kubishana.

Bi_Fomu: Naongezea. Kwenye fomu ya maombi usiandike "bati" ukaishia hapo, andika asbesto. Ukificha jambo kubwa, kampuni inapata sababu ya kuukana mkataba wote siku ya madai. Angalia na thamani: kujenga upya ni milioni 80, umekata bima ya milioni 60, yaani robo tatu tu, basi hasara ya milioni 20 nayo utalipwa robo tatu, milioni 15. Gharama ya kutupa asbesto iingie kwenye hiyo 80.

Fundi_Kenchi: Kuhusu kuezua: asbesto ni taka hatarishi. Anzia NEMC (baraza la taifa la mazingira), uulize taratibu za kibali na wapi itazikwa. Mita 140 kwa takriban kilo 15 kila moja ni tani 2 na ushee; si mzigo wa kutelekeza jalalani.

Siku ya kazi, lowesha paa kwa maji yenye sabuni kidogo, kwa kunyunyiza, usitumie pampu ya presha. Boliti za ndoano zikatwe kwa mkasi wa nondo. Grainda marufuku, ndiyo inayotoa vumbi. Bati lishushwe zima kwa kamba, lisitupwe. Fungasha kwa nailoni nzito tabaka mbili, uandike juu yake. Barakoa ya kitambaa haizuii nyuzi za asbesto, tafuta ya chujio la P3 (daraja la juu la kuzuia vumbi laini). Usifagie pakavu. Na mafundi wasikanyage bati, wakanyage mbao zilizolazwa juu ya papi (mbao zinazobeba bati): asbesto kuukuu huvunjika ghafla, na kuanguka huua mapema kuliko vumbi.

Chumbageni_Juu: Nimewapata. Nikipaua kwa bati la msauzi geji 28, kenchi zilezile zinafaa?

Fundi_Kenchi: Kama hazijaliwa na mchwa. Ila papi za asbesto huachana zaidi ya mita moja, ongeza za katikati. Bati jipya halifiki kilo 5 kwa mita, na ule uzito ndio uliokuwa unashikilia paa upepo ukivuma. Funga kenchi kwenye ukuta kwa vyuma, la sivyo kusi italinyanyua.

Mkadiria: Hilo ni la bima pia: paa likiezuliwa na upepo, watakagua ufungaji. Piga picha kenchi kabla hazijafunikwa, tunza risiti na hati za kutupa asbesto, kisha uombe mkataba usomeke paa jipya. Wakikuzungusha kwenye madai, andika malalamiko kwa kampuni kwanza, halafu nenda TIRA (mamlaka inayosimamia bima) au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.