Chombo cha Murano: nimepigwa?

Wadau, nimenunua chombo cha maua cha kioo, kizito kama jiwe, kijani ndani ya rangi ya kaharabu. Muuzaji kaapa ni cha Murano, kile kisiwa cha Venice, Italia, kinachosifika kwa kioo, na ni cha miaka ya 1950. Nembo ya karatasi ipo, ila gundi bado inanata! Nimepigwa?

— Nembo sahau, yeyote anabandika. Kipindue. Kitako cha zamani kina mikwaruzo midogo ya kila upande, ya kuburutwa mezani miaka nenda rudi. Ikielekea upande mmoja tu, hiyo ni msasa.

— Rangi ndani ya rangi ni sommerso: kioo huchovywa kwenye kioo kingine kilichoyeyuka. Mbunifu Flavio Poli aliipenda sana pale Seguso Vetri d'Arte, kiwanda cha kioo cha Murano. Usikimbilie jina lake lakini, waigaji tele.

— Nimekipindua. Mikwaruzo kila upande, na kapovu kamoja ukingoni. Nembo naibandua leo hii.